Chaguo la Mwisho la Ciakuthii

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, nusu ya soko la Gachoka ilijua gredi ya Ciakuthii kabla hajaijua mwenyewe. Alikuwa nyuma ya nyumba akipeta ndengu, simu ameiacha ndani kwenye chaji, na habari zikamfikia kupitia kwa mama mmoja jirani aliyekuja mbio, leso begani, akipiga vigelegele tangu barabarani.

"B+! Ciakuthii, umepata B+! Wewe peke yako hapa kwetu!"

Mama yule akamkumbatia, akamwinua kidogo kutoka chini, kisha akakumbuka. Mikono yake ikalegea. "Pole, mwanangu," akasema kwa sauti nyingine. "Laiti mama yako angekuwepo leo."

Ciakuthii akasema asante. Akaokota ungo, akaendelea kupeta.

Ndivyo alivyokuwa siku zile. Ukimtuma maji aliyaleta, ukimpa chakula alikula, ukimsalimia aliitikia. Hakulia, hakugomba, hakukataa jambo. Watu walimsifu wakasema msichana huyu ana moyo mkubwa. Kumbe moyo wenyewe ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya: upo, unauona, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine.

Mama yake, Ciarunji, alikuwa muuza ndengu na kunde katika soko lile lile. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, mcheshi, ambaye wateja walimjia hata wakati bei yake ilikuwa juu ya za wenzake, ilimradi wacheke. Presha ilimpanda ghafla akiwa sokoni, akapelekwa Embu, na hakurudi. Wakati huo Ciakuthii alikuwa katika shule ya bweni huko juu upande wa Meru, amezama katika mitihani ya mwisho. Baba yake, Ireri, mkulima wa ndengu na muguka, yale majani ya kutafuna yaliyosomesha watoto wengi wa Mbeere, alizungumza na mwalimu mkuu. Wakakubaliana msichana asiambiwe mpaka amalize. Siku za matanga zikaenda, maziko yakafanyika, na Ciakuthii akawa anaamka alfajiri kusoma, akimaliza karatasi moja na kungoja nyingine, bila kujua.

Siku ya kufunga, Ireri alikwenda kumchukua mwenyewe. Alivaa koti la kanisani. Njia nzima hakusema neno ila kuuliza kama sanduku limefungwa vizuri. Walipofika Embu mjini akamwingiza katika hoteli moja karibu na kituo, akaagiza chai ya maziwa na chapati.

"Maitu," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote, yaani mama, kwa kuwa binti huyu alipewa jina la mama mzazi wa Ireri. "Kula kwanza."

Ciakuthii akala. Alikuwa akimsimulia jinsi swali la mwisho la Historia lilivyowashangaza wote. Ireri akawa anazungusha kikombe.

"Mama yako tulimzika," akasema.

Alianzia mwisho, kama mtu aliyerukia gari likiwa linaenda. Ciakuthii akamtazama.

"Lini?"

"Siku ile mlikuwa na ule mtihani wa maabara. Wa Baiolojia."

Akaikumbuka siku yenyewe. Walipewa mmea wa maharagwe waukate, wauchore, wautaje kila sehemu. Alitoka nje akicheka, maana alijua amepata yote.

"Mwalimu mkuu alijua?"

"Tulikubaliana. Tuliona usivurugike. Mama yako alitaka sana usome."

Ciakuthii akamaliza chapati yake. Jambo hilo ndilo lililomshangaza baadaye kuliko mengine yote, kwamba alichovya kipande cha mwisho ndani ya chai, akala, akapangusa vidole, kisha akainuka wakaenda nyumbani. Kaburi alilikuta kati ya nyumba na bustani ya sukumawiki, udongo wake bado mwekundu. Akalitazama. Akaingia ndani akabadilisha sare za shule.

Kwa hiyo watu waliposema, "Unaona? Usingefaulu hivi kama ungejua," aliwaambia asante. Gredi ile ilikuwa yake, lakini kila alipoitaja aliona kama anataja kitu alichopewa badala ya kingine bila kuulizwa.

*

Wakati wa kuchagua vyuo ukafika. Pale Gachoka kuna mwalimu wa Jiografia katika shule ya kutwa, Mwalimu Mugambi, ambaye kila mwaka majira hayo sebule yake hugeuka ofisi. Watoto huja na matokeo yao, yeye anafungua kompyuta, mkewe analeta chai, na wanaanza kujadili kozi ipi, chuo kipi. Ciakuthii alikwenda jioni moja kwa sababu baba yake alimwambia aende.

"Kozi?" Mugambi akauliza.

"Takwimu."

"Vizuri. Watakuuliza hiyo ni kazi gani, usiwajibu. Chuo?"

"Nairobi."

Mugambi akaandika, akatazama kioo cha kompyuta, akavuta pumzi. "Nairobi ni sawa kuiweka mbele. Lakini mwaka jana, yule wa mwisho kuingia kwa kozi hii alikuwa na pointi zinazokuzidi kidogo. Ni kidogo tu. Unaweza kuingia, unaweza kubaki nje. Akiba haiozi, binti yangu. Lazima tuweke vingine nyuma yake, na tutafute vinavyofanana na hicho unachokipenda, usije ukapelekwa mahali ukajuta miaka minne."

"Vinafananaje na Nairobi?"

"Sasa hilo nakuuliza wewe. Wengine wanaipendea jina, wengine mji, wengine wamesikia kuna kazi. Wewe unaipendea nini?"

Ciakuthii aliipenda tangu kidato cha tatu, shule yao ilipopeleka wanafunzi kwenye mashindano ya Hisabati pale chuoni. Hawakushinda kitu. Lakini wakati wa chakula alisimama kando ya nyasi akawatazama wanafunzi wakipita: wengine na vitabu, wengine na magitaa, msichana mmoja amenyoa kipara kabisa, kijana mmoja anaongea peke yake. Walipita mamia kwa mamia, na hakuna aliyegeuza shingo kumtazama mwenzake. Aliporudi nyumbani likizo alimsimulia mama yake jikoni, nusu kwa Kimbeere, nusu kwa Kiswahili cha shule. Akamwambia habari za maktaba na maabara za kompyuta. Mama yake akachochea moto na kuuliza, "Sasa watu wote hao, siku ukiugua nani atajua?" Na Ciakuthii akajibu, "Si hiyo ndiyo raha yenyewe, Mama!" Wakacheka mpaka maziwa yakafurika.

Wakati ule alikuwa na sababu nyingi za kukipenda chuo kile. Sasa alizitafuta moja moja akakuta zimebaki kama nguo zilizotundikwa, hazina mtu ndani. Ilibaki moja tu iliyokuwa na uzito: kule hakuna ambaye angemwambia pole.

"Kikubwa," akasema mwishowe. "Chenye watu wengi."

"Haya. Kikubwa, cha serikali, chenye watu wengi." Mugambi akasogeza kiti. "Kuna Kenyatta. Hicho chenyewe ni mji mzima, kipo hapo ukishaingia barabara ya Thika."

"Kutoka hapa ni magari mangapi?"

"Mawili. Kuna Egerton kule Njoro, kina mashamba makubwa na miti. Kuna Moi, Eldoret. Huko kuna baridi, lakini ni chuo kikongwe."

"Hicho ni magari mangapi?"

"Matatu hivi, hata manne."

"Weka. Na kingine?"

"Maseno, mbele ya Kisumu."

"Weka."

Mugambi akaondoa mikono kwenye kompyuta. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Ciakuthii, mimi ni mwalimu wa Jiografia. Wewe huchagui vyuo. Unapima barabara."

Ciakuthii hakuona haya. Alikuwa anatazama mvuke wa chai ukipanda.

Ireri alikuwa amefika mlangoni, amekuja kumchukua binti yake kabla giza halijaingia. Alikuwa amevua kofia na ameishika kwa mikono miwili. Haikujulikana amesikia kiasi gani.

"Mwalimu," akasema, "na Embu hapa wanayo hiyo kozi?"

"Wanayo, mzee."

"Basi tia na Embu."

Mugambi akamgeukia msichana. Nafasi moja ilikuwa imebaki. "Unasemaje?"

"Tia."

"Hata kama si kikubwa kama hivyo vingine?"

"Tia tu, Mwalimu. Sawa."

Si kwamba Embu ilikuwa na kasoro. Ni chuo kizuri, chini ya mlima, kijani pande zote. Kasoro yake ilikuwa moja: ukipanda gari Gachoka, chai uliyokunywa bado haijapoa tumboni umeshafika. Mugambi akakiweka mwisho kabisa. Ireri akamshukuru. Baba na binti wakarudi nyumbani njia moja, mmoja mbele mwingine nyuma.

*

Miezi ya kungoja ikapita kama inavyopita. Ciakuthii alichuma muguka na vibarua wengine asubuhi, mchana akapika, jioni akakunja nguo. Kamba ya nguo ilipita karibu na kaburi, na siku za upepo shuka zilikuwa zikigusa msalaba. Mvua za Aprili zikalifanya kaburi lishuke, Ireri akaongeza udongo. Wapita njia waliendelea kusema pole. Aliipokea kama mtu anayepokea chenji, anaitia mfukoni bila kuhesabu.

Meseji ya kupangiwa chuo ilimkuta anachambua ndengu. Ilikuwa Embu. Nairobi walikuwa wamejaa kabla ya kumfikia, na hivyo vingine navyo vilikuwa na wengi walioviweka mbele kuliko yeye. Akaisoma, akaweka simu juu ya gunia, akatoa kokoto moja kwenye ungo.

Mugambi alimpigia. "Pole, Ciakuthii. Unaweza kuomba uhamisho baadaye, usivunjike moyo."

"Sijavunjika, Mwalimu. Ni sawa."

Ireri alipoambiwa alisema, "Ni vizuri," akatoka nje haraka. Akakaa huko muda mrefu akirekebisha ua ambao haukuwa umeharibika.

Huko chuoni, hosteli walimpanga chumba kimoja na msichana kutoka Meru mjini aitwaye Hodo. Babake Hodo alikuwa na malori, mamake alikuwa na duka la nguo. Hodo alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na kwa siku za kwanza alikuwa na macho mekundu. Alikuwa ametaka udaktari Nairobi, akapewa uuguzi Embu.

"Wallahi nililia mpaka mama akatishia kumwita imamu anisomee," alisema, akitundika mitandio yake. "Na wewe ulitaka wapi?"

"Nairobi pia."

"Ukalia?"

"Hapana."

"Aki wewe ni mgumu. Kwani hukuwa unaitaka kabisa?"

"Nilikuwa naitaka."

Hodo akamtazama kwa mshangao, kisha akatoa mfuko wa sambusa alizofungiwa nyumbani, akamsogezea. Walipokuwa wakila akauliza, kama watu wanavyouliza, "Mama yako anafanya kazi gani?"

Na Ciakuthii, bila kufikiri, akajibu, "Anauza ndengu sokoni. Gachoka."

Neno likatoka laini, kama ufunguo unavyozunguka kwenye kufuli lake. Hodo akasema, "Sawa, basi tutakula ndengu," na maongezi yakaendelea. Hakukuwa na uso uliobadilika, wala mikono iliyolegea. Hakukuwa na pole. Ciakuthii akalala usiku ule bila kuota kitu.

Tangu hapo mama yake akawa hai katika chumba kile. Kila jioni mamake Hodo alipiga simu kutoka Meru, na Hodo akimaliza humuuliza mwenzake, "Wako amesemaje leo?" Ciakuthii alikuwa akisema: amegombana na mteja aliyetaka kupimiwa ndengu kwa kopo lake mwenyewe. Amesema mwanamume asiyejua kuchagua kunde hajui kuchagua mke. Ameanguka kwenye kiti cha plastiki sokoni, miguu juu, akacheka kuliko waliomcheka. Hodo alicheka mpaka akashika mbavu. Wala hayakuwa ya kubuni. Yote yalikuwa yametokea. Kosa lilikuwa wakati tu: ya zamani aliyaleta yakawa ya leo.

Chuo chenyewe hakikumpendeza wala kumchukiza. Alihudhuria masomo, akapenda kidogo somo la uwezekano, akaosha nguo siku za Ijumaa. Kitu pekee alichokingoja ni ile saa ya jioni Hodo anapouliza.

Kisha mamake Hodo akatuma mzigo na lori lililokuwa likishuka kutoka Meru. Ndani mlikuwa na halua, nguo za Hodo, na doti ya leso mpya, nyekundu na nyeupe, imefungwa kwa utepe.

"Hii ni ya mama yako," Hodo akasema. "Mama anasema watoto wakishakula sahani moja, mama zao ni ndugu. Ukienda nyumbani umpelekee."

Ciakuthii akazipokea leso. Zilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akazitia chini kabisa ya sanduku, na wikendi aliyokwenda Gachoka akaziacha hukohuko sandukuni. Aliporudi Hodo akauliza kama zimempendeza. "Sana," akasema. "Amesema ahsante."

*

Ireri hakuwa mtu wa kutembea-tembea, lakini Jumamosi moja alifika chuoni bila kutoa habari, na mapapai mawili na mfuko wa ndengu. Alipiga simu akiwa langoni. Ciakuthii akashuka, na Hodo, ambaye alikuwa anakwenda kununua maziwa, akafuatana naye.

Walimkuta amekaa kwenye benchi la mawe karibu na lango. Akasimama kuwasalimia. Hodo akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Habari za Gachoka? Na mama hajambo? Leso zilimtosha?"

Ireri akamtazama Hodo. Akamtazama binti yake. Ciakuthii aliona jambo likipita usoni mwa babake, mshangao kwanza, kisha kuelewa, kisha ule utulivu wa mtu aliyeamua.

"Hajambo," Ireri akasema. "Zilimtosha vizuri. Anashukuru sana."

Alisema bila kumeza mate. Ulikuwa uso ule ule wa hotelini, ule uliosema kula kwanza. Na hapo kitu fulani kikamchoma Ciakuthii kutoka tumboni hadi masikioni, kitu cha moto ambacho alikuwa amekisahau jina lake.

"Baba, wacha."

"Maitu..."

"Wacha kunifichia! Kila mara unafikiri unanisaidia!" Sauti yake ilimshtua hata mlinzi. Akamgeukia Hodo. "Mama yangu alikufa. Alikufa nikiwa kwa mtihani, wakamzika hawakuniambia. Leso zako ziko kwa sanduku."

Hodo akasimama mdomo wazi. Ciakuthii akaisubiri pole. Haikuja.

"Umenifanya niwe nikimpelekea salamu mtu aliyekufa?" Hodo akasema polepole. "Mama yangu amekuwa akimwombea afya, Ciakuthii. Afya! Kila Ijumaa!" Machozi yakamtoka kwa hasira. "Mimi nilikuwa nampenda. Nilikuwa nangoja kumwona." Akageuka akaenda zake, maziwa hakununua.

Wakabaki baba na binti. Ireri akaketi. Baada ya muda Ciakuthii naye akaketi, mfuko wa ndengu katikati yao.

"Haikuwa mtihani," Ireri akasema.

"Nini?"

"Nilikuja shuleni kwenu. Kesho yake, baada ya yeye kufa. Nilifika mpaka getini. Askari akaniuliza shida yangu ni nini, na mimi nikashindwa kuisema. Nikamwambia nimepotea njia." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Nikarudi. Ndipo nikampigia mwalimu mkuu, nikamwambia tusikuvuruge. Akasema nina hekima. Hekima gani? Niliogopa kukuona uso. Kila siku nilisema kesho, na kesho ikawa maziko."

"Ungenipigia simu."

"Ndiyo."

"Ningekosa karatasi moja. Ningerudia mwaka. Ingekuwa nini?"

"Hakuna. Isingekuwa kitu."

"Watu walikuja hapo nyumbani wakaniangalia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu."

"Ndiyo," Ireri akasema. Kila alichosema binti alikiitikia, hakujitetea hata kimoja. Magari yakawa yanapita barabarani. Ireri akainuka, akavaa kofia, akasema papai moja limeiva, lingine lingoje. Akaenda.

Usifikiri kwamba kuanzia siku ile Ciakuthii alipona. Ule moto uliwaka muda mfupi ukazimika, na ganzi ikarudi mahali pake. Ila sasa alijua kuna sehemu ambayo ikiguswa inauma, na mwenye ganzi akijua hivyo anakuwa na tofauti kidogo na asiyejua.

Hodo alinyamaza. Aliingia chumbani akatoka, akasali, akalala na uso ukutani. Simu za Meru alizipokelea nje. Ciakuthii hakuomba msamaha kwa sababu kila alipotayarisha maneno aliyaona ni ya kitabuni. Alichofanya ni kupika ndengu, akamwekea sahani mezani na kuifunika. Jioni ya kwanza Hodo hakuila. Jioni ya pili aliila.

Ndipo akiosha sahani, bila kugeuka, akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Ciarunji."

"Ciarunji." Akalirudia mpaka likamkaa ulimini. "Mama anataka jina la kumwombea. Na zile leso uvae wewe. Mama yangu hapokei kitu alichokitoa." Akaweka sahani kwenye kibao. "Na yule mteja wa kopo? Huyo alikuwa kweli?"

"Alikuwa kweli. Wote walikuwa kweli."

"Haya," Hodo akasema. Siku nyingine akamwomba amsimulie tena habari ya kiti cha plastiki. Safari hii Ciakuthii akasema "alianguka", "alicheka". Yalikuwa maneno magumu kutamka, lakini yalitamkika.

*

Mwaka wa pili ulipokaribia, Mwalimu Mugambi alipiga simu, furaha imemjaa. "Ciakuthii! Nafasi za uhamisho zimefunguliwa. Nimeangalia. Kwa matokeo yako ya mwaka wa kwanza, Nairobi unaweza kuingia kwa kozi ile ile. Nikujazie?"

Ciakuthii akamwomba muda wa kufikiri. Akakaa kwenye ngazi za maktaba akajaribu kuiona Nairobi: nyasi zile, watu wale wakipita bila kugeuka. Aliiona vizuri kabisa. Akangoja moyo uruke, haukuruka. Akajaribu kuiona Embu, ukungu wa asubuhi, Hodo akilalamika kuhusu maji baridi, barabara ya kushuka kwenda Gachoka. Moyo haukuruka huko nako. Vyuo viwili vikakaa mbele yake sawasawa, kama vikombe viwili vitupu, na akaona kwamba hata angechukua kipi, kitu alichokuwa akikikimbia kingepanda gari pamoja naye.

Akapiga. "Wacha nikae, Mwalimu."

"Umeipenda Embu?"

"Sijui. Sijaichukia."

Mugambi akacheka kwa kukosa la kufanya. "Basi. Hata hilo ni jibu."

Likizo ndefu akaenda nyumbani. Alikuta Ireri amelijengea kaburi kingo za simenti, kazi ya mikono yake mwenyewe, upande mmoja umepinda. Ciakuthii akapika chai, akaileta nje. Wakakaa kwenye vigoda, kuku wakiwazunguka. Walikuwa hawajazungumza jambo lolote la maana tangu lile benchi la chuoni.

"Baba," akasema, "niambie maziko yalikuwaje."

Ireri akashtuka. "Yote?"

"Yote."

Akaanza kwa shida, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Akasema akina mama wa soko walifunga vibanda vyao wote, hata wale waliokuwa wakigombana na Ciarunji. Akasema mhubiri alirefusha mpaka jua likawachoma wazee, na mmoja akamwambia kwa sauti apunguze. Akasema kulikuwa na upepo, hema likang'oka upande mmoja, watu wakalishika kwa mikono mpaka mwisho wa ibada. Ciakuthii alisikiliza bila kusogea.

"Mlimvalisha nini?"

"Ile gauni ya samawati."

"Nani aliichagua?"

"Mimi."

"Ilikuwa inambana mikono. Alikuwa amesema atampa mtu."

"Sikujua," Ireri akasema. "Niliiona ni nzuri."

"Ni nzuri," Ciakuthii akasema. Akamwongezea chai. "Na viatu?"

Baba yake akaweka kikombe chini, akafikiri, akaanza kumweleza habari ya viatu.